Juu ya walimu waliochelewa kurudi kisha Bonane

Ninajua kwamba katika namba hii ya kwanza ya mwaka wengi wanangoja habari za Noeli, kwaya gani iliimba vizuri na timu gani ilishinda siku ya Bonane. Hizo mtazisoma kwenye kurasa zingine. Mimi nimeomba nafasi niseme juu ya jambo moja ambalo, tangu tulipofungua masomo, halitoki kinywani mwa watu.

Mnajua kwamba iko karatasi inayotembea katika makalasi. Inasema maneno mawili. La kwanza, walimu watano hawakuwapo siku ya kufungua, na mmoja kati yao alikosa juma zima. La pili, kwa sababu hiyo Prefe awakate prima ya mwezi, sawasawa na saa walizokosa. Chini kuna majina. Jumatano, karatasi ilipofika kwangu, yalikuwa thelathini na moja. Waliileta nitie sahihi, juu mimi ni kapita wa wanafunzi, na jina langu lingeifanya kuwa karatasi ya shule nzima. Sikutia. Basi jioni ile ile nikasikia kwamba kapita ni mtu wa walimu, ati anatafuta pointi za mwisho wa mwaka. Afadhali niandike mbele ya wote kuliko kujibu mmoja mmoja njiani.

Hesabu yao ni ya kweli. Walimu watano walikosekana, niliandika mwenyewe katika kaye ya mahudhurio, tarehe na saa. Lakini katika kaye ile ile iko ukurasa mwingine, na wenye karatasi hawakuniomba kuuona. Kalasi yetu ya mwaka wa mwisho ni watu thelathini na wanane. Jumatatu ya kufungua tulikuwa kumi na saba. Jumanne tulikuwa ishirini na wawili. Tulitimia wote Jumatatu ya juma la pili, na hata hapo wawili waliingia wakati wa mapumziko. Kama ni kukata, sisi tutakatwa nini?

Mtaniambia, mvua ilizuia njia. Ni kweli. Wenzetu wa Ulaya wanaita likizo hii likizo ya baridi, maana kwao theluji inaanguka. Kwetu hapa milimani baridi ni ya mwaka wote, haina likizo, ila mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza ni miezi ya mvua na matope. Njia ya kupanda kutoka Baraka inakuwa kama sabuni. Motari anakubali kukubeba mpaka mahali fulani, kisha anageuza pikipiki yake na kukuonyesha mlima kwa kidole. Ninashangaa tu kwamba mvua inayomzuia mwanafunzi ni mvua, na mvua inayomzuia mwalimu ni uvivu.

Niseme juu ya mwalimu mmoja tu. Jina lake nitaliacha, kwa maana hakunituma kumtetea, na pengine hatafurahi kujisoma humu. Ua wa nyumba yake na ua wa nyumba yetu ni ua mmoja wa mianzi, kwa hiyo sihitaji kuuliza watu. Yeye anafundisha Kifaransa. Mke wake na watoto wanne wako Baraka tangu mwaka 2021. Hapa juu anaishi peke yake, na watoto wake anawaona konje kwa konje, labda na siku ya mshahara. Konje ya Noeli ni majuma mawili tu. Toa siku ya kushuka, toa siku ya kupanda, toa siku za kusimama kwenye mlango wa benki, uone zinazobaki za kukaa na watoto.

Sababu ya kuchelewa kwake ni hiyo benki. Pesa za mwezi wa kumi na mbili hazikuwa zimefika alipofunga masomo. Zilifika kisha Bonane. Akasimama siku tatu katika mstari pamoja na walimu wa Fizi yote, wanawake wenye watoto mgongoni, wazee waliobakiza miaka miwili ya kazi. Hawezi kumtuma mtu, benki inataka mwenyewe na karte yake. Siku ya kwanza makaratasi ya pesa yaliisha kabla ya saa sita. Siku ya pili mashine haikuwa na rezo. Siku ya tatu akapata, na siku hiyo hiyo akalipa deni la duka, akalipa nyumba ya mke wake, akanunua chumvi, sabuni na debe nusu la ndagala kavu, akapanda. Alifika kwake Alhamisi ya juma la kwanza, giza limeingia, suruali imeshika matope mpaka magotini. Juu ya kichwa alikuwa na kartoni ya chaki. Chaki si yake, ni ya shule. Hakuna aliyemlipa kwa kuibeba.

Ijumaa saa moja na nusu alikuwa mbele ya ubao. Kuna waliocheka viatu vyake.

Tangu hapo ninamwona hivi. Saa kumi ya usiku taa yake ya sola inawaka. Anatayarisha fishi za siku, maana Prefe anatia sahihi katika jurnali kabla ya kengele, na mwalimu pashipo fishi haingii katika kalasi. Kisha anawasha moto, anachemsha viazi vya jana. Asubuhi yote ni kalasi. Saa nane mchana anabadilisha nguo, anachukua jembe. Mwezi wa kwanza ni mwezi mbaya kwa mtu mwenye kazi mbili, maharagwe ya msimu wa kwanza yanangoja kuvunwa kabla mvua haijayaozesha shambani, na ardhi ya msimu wa pili inataka kufunguliwa. Asipofungua sasa, mwezi wa tano atanunua chakula kwa pesa ambayo hana. Anarudi saa kumi na mbili. Anapika. Na kisha kula zinaanza karatasi zetu.

Hapa nawaomba tufanye hesabu, sisi tunaopenda kuhesabu saa za walimu. Ana makalasi manne, na kila kalasi ni kama watu arobaini. Hiyo ni karatasi mia moja na sitini za ekzame ya mwezi wa kumi na mbili, na wazazi wanataka bilte. Tuseme kila karatasi inaomba dakika tano, ingawa ile ya kwangu niliandika kurasa tatu. Dakika tano mara mia moja na sitini ni dakika mia nane. Ni saa kumi na tatu na dakika ishirini. Kwa taa ya sola inayozimika saa nne usiku wakati mawingu yamekaa siku mbili, saa hizo kumi na tatu si usiku mmoja, ni juma nzima na zaidi. Na saa hizo hakuna anayeziandika katika kaye, hata mimi.

Sasa juu ya pesa yenyewe, maana hapo ndipo karatasi yetu ilipopotea njia.

Shule yetu iko na baba wawili. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilitwaa mashule ya makanisa. Mambo hayakwenda, na tarehe 26 mwezi wa pili 1977 Serikali na makanisa wakatia sahihi mapatano: kanisa linaongoza shule, Serikali inalipa walimu na kuweka programu. Ndiyo sababu tunaitwa shule ya mapatano ya Kiprotestanti. Mpango ni mzuri juu ya karatasi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ilipoharibika, baba mwenye pesa aliacha kulipa vizuri, na wazazi wakaombwa kutoa kitu kidogo ili walimu wasiache watoto. Kile kitu kidogo ndicho tunachokiita prima. Ilikuwa ya kusaidia kwa muda. Muda huo haujaisha.

Tangu 2011 Serikali ilianza kulipa kwa njia ya benki, kusudi mshahara usilike njiani. Kwa mtu wa mji, hilo ni jambo zuri. Kwa mtu wa Bibokoboko maana yake ni kushuka mlima. Mwezi wa tisa 2019 masomo ya msingi ya Serikali yakawa ya bure, kama Katiba ya 2006 ilivyosema, na wadogo zetu wakajaa katika madarasa. Mwezi wa tisa 2024, wakati wa kufungua, walimu katika sehemu nyingi za nchi walikaa nyumbani wakiomba mshahara ufike dola 500. Mwezi wa pili 2025 Bukavu ikaanguka katika vita, mabenki ya kule yakafungwa, na walimu wa jimbo letu wakaona tena kwamba pesa ikipita kwenye mlango mmoja, mlango ukifungwa wote wanalala njaa.

Na hao ni wenye namba ya Serikali. Katika walimu wetu kumi na mmoja, wanne ni wale wanaoitwa N.P., ndiyo kusema jina lao halimo katika mashine ya Kinshasa. Hawana benki ya kushukia. Wanakula prima tu. Mwalimu wetu wa hesabu, aliyekosa juma nzima, ni mmoja wao. Hakuwa katika mstari wa benki. Alikuwa anabeba magunia ya mihogo kwenye bandari ya Baraka, apate franga za kurudia. Aliniambia pashipo haya, na akaniruhusu kuandika.

Basi angalieni karatasi yetu inaomba nini. Inaomba Prefe akate prima. Prima ni pesa ya nani? Ni ya wazazi wetu. Ikikatwa, inabaki katika sanduku la shule. Hairudi kwa mzazi, na haizai hata saa moja ya hesabu. Yule mwenye namba ya Serikali itamuuma kidogo. Yule N.P. itampeleka tena bandarini, na safari hii si juma moja. Karatasi inayotaka mwalimu asikosekane inamfungulia njia ya kukosekana. Ndiyo sababu sikutia sahihi. Si kwa sababu ninapenda walimu kuliko ninyi.

Lakini sitaki walimu wetu wasome maneno haya na kukunja miguu. Malalamiko hayakuanguka kutoka mawinguni. Sisi wa humanités hatuna masomo ya bure. Baba yangu aliuza kondoo wawili mwezi wa tisa, na wa tatu anamwangalia sasa. Iko mama katika kijiji chetu anayebeba maharagwe mpaka soko la Baraka kichwani ili mtoto wake asifukuzwe. Na mtoto anafukuzwa kweli, tunaona wote, jina linasomwa mbele ya mstari, anachukua kaye zake anakwenda. Akikosa juma moja kwa ajili ya pesa, hakuna anayemuuliza habari za benki. Kwa hiyo mwanafunzi akisema, "Sisi batu banatufukuza, bo hakuna anayebafukuza," sio mtoto mbaya. Anasema alichoona.

Tena yako mambo ambayo njaa haiyaelezi. Walimu watusamehe. Kumfanya mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri anakili kozi ubaoni, mwalimu akiwa nje na simu juu ya mlima wa rezo, kisha kuandika katika jurnali kwamba saa mbili zimefundishwa, hilo silo umaskini, ni uongo. Kutuma kalasi za chini kulima shamba la mwalimu katika saa ya jiografia, hata kama wanapewa viazi, si jiografia. Salongo ina siku yake. Mimi ninajua ni walimu wachache, na mara nyingi si wale waliochelewa kurudi. Hapo ndipo karatasi yetu inakosa shabaha kabisa: imemshika mtu aliyefika na matope, imemwacha yule aliyefika mapema na hakufundisha.

Kuna waliosema kwamba wanataka kufanya kama wanafunzi wa Kinshasa. Wanakumbuka mwezi wa kumi 2021, walimu wa mashule ya Katoliki wakiwa katika mgomo, watoto wenye nguo za bluu na nyeupe walipoingia mpaka ndani ya jumba la wabunge kudai masomo yao. Redio zilisema habari hiyo siku nyingi. Lakini watoto wale walikwenda kwa nani? Walikwenda kwa wale wanaopiga kura juu ya pesa ya nchi. Hawakwenda kumwomba prefe awakate walimu wao. Sisi tumechukua hasira ya Kinshasa tukaipeleka mlango wa pili.

Na mwezi ule ule wa kumi 2021, sisi wa hapa tunakumbuka kitu kingine. Bibokoboko ilichomwa. Watu walitoka usiku na mchana, wengine kushuka Baraka, wengine hawakufika. Sitaandika zaidi, kila nyumba ina habari yake na hili si gazeti la kufungua vidonda. Ninataka tu kusema juu ya mfuko mmoja. Mwalimu mmoja wetu, mzee kuliko wote, alipokuwa anakimbia, mke wake alimwomba abebe sufuria na blanketi. Alibeba blanketi. Mahali pa sufuria aliweka madaftari ya pointi ya makalasi yote, ya miaka mitatu. Alitembea nayo siku mbili katika mvua, yamefungwa katika nylon ya kufunikia chumvi. Mke wake anasimulia habari hiyo mpaka leo, na anaisimulia kwa uchungu, maana sufuria ilikuwa mpya.

Sasa mwaka huu tunaandika majina yetu kwa Exetat, huo mtihani wa Serikali uliopo tangu 1967, na kila mmoja anaombwa bilte za miaka ya nyuma. Ninyi wakubwa wa kalasi yetu mliokuwa hapa wakati ule, na mliopata kunakiliwa bilte zenu ofisini mwezi wa kumi na moja, mlidhani pointi zenu zilitoka wapi? Kuna vijana wa vijiji vingine waliorudia miaka miwili kwa sababu daftari liliungua. Majina matatu katika yale thelathini na moja ni ya watu ambao dosie yao ilitoka katika mfuko ule. Siwataji. Wanajijua.

Ni kweli kwamba saa zimepotea, na mwezi wa sita hautangoja. Mtihani una siku zake, na siku moja kati ya hizo ni ya hesabu na sayansi, ambapo swali halikuulizi kama mwalimu wako alikuwa bandarini. Kwa hiyo sisemi tunyamaze. Ninasema tugeuze anwani ya karatasi, na tuipunguze hasira. Kwanza iende kwa Koordinasio ya mashule ya Kiprotestanti na kwa Sous-Proved ya Fizi, iombe jambo moja tu, kwamba walimu wanne N.P. waingizwe katika malipo, na iseme wazi ni saa ngapi sisi wanafunzi tunapoteza kwa sababu hawamo. Ofisi zinapokea barua za walimu kila juma, wamezoea. Barua ya wanafunzi yenye hesabu ya saa, yenye kalasi na kozi, pengine mtu ataisoma hata akiwa na haraka.

Lingine liko katika mikono yetu hapa hapa. Siku za mshahara walimu saba wanashuka pamoja, na shule inabaki na wanne, tunapiga makelele mpaka jioni. Washuke wawili wawili, ao watatu, na kila anayeshuka aniambie siku mbili mbele. Mimi na makapita wa makalasi tutabadilisha saa: wa historia achukue saa ya Kifaransa, akirudi wa Kifaransa atalipa saa ya historia. Haiombi pesa. Inaomba tu mwalimu akubali kumwambia kapita anapokwenda, na hapo ninajua wako watakaoona ni kujishusha. Waheshimiwa, hamjishushi. Mwanafunzi anayejua kwamba mwalimu yuko benki anakaa na kaye yake. Asiyejua anatunga habari, na habari anazotunga si nzuri.

Na komite ya wazazi ingeweza kutazama jambo la maharagwe. Mwezi huu kila nyumba imevuna ao inavuna, lakini pesa hakuna, maana bei inaanguka wakati wote wanauza pamoja. Mwalimu naye anahitaji kula kuliko kushika makaratasi ya franga. Kwa nini mzazi auze debe kwa bei ya chini Baraka, alete pesa shuleni, kisha mwalimu ashuke kununua debe lile lile? Mzazi alete debe, Prefe aandike limekuwa prima ya miezi fulani, mtoto asifukuzwe. Wazee wanasema hata zamani kulikuwa na wazazi waliolipa hivyo. Bei ya debe ipangwe katika mkutano, isipangwe na mwalimu mmoja na mzazi mmoja nyuma ya kanisa.

Nina sababu nyingine ya kusema haya, na ni ya kwangu. Kalasi yetu ni ya pedagojia. Mwezi wa kumi na mmoja tulifanya staji katika shule ya msingi, kila mmoja alisimama mbele ya watoto sitini na kitu, na fishi mkononi unaotetemeka. Tulirudi tukijisifu. Juma lililopita, mwalimu wa pedagojia alituuliza ni nani kati yetu atafundisha kweli akipata diploma. Mikono mitatu ilisimama, mmoja ni wa kwangu, na sitaficha kwamba nilitazama kwanza wengine. Wengine wanataka kwenda machimbo, wengine jeshi, wengine Uvira kuuza simu. Nikafikiri: miaka miwili kutoka leo, mmoja wa sisi watatu atapanda njia ile na chaki kichwani, kisha siku tatu za mstari, na kwenye mlango wa kalasi atakuta karatasi yenye majina thelathini na moja. Wadogo zetu watakuwa wameiga mwandiko wetu.

Karatasi iko kwangu mpaka Ijumaa. Sitaichana, si yangu. Anayetaka kufuta jina lake aje na biki yake, anayetaka kuliacha aliache, na nitaipeleka kwa Prefe ilivyo, pamoja na ukurasa wa mahudhurio yetu, zote mbili siku moja. Barua ya Koordinasio na Sous-Proved imeandikwa kwa rasimu, wa mwaka wa mwisho wanaweza kuisoma jioni katika kalasi na kusahihisha Kifaransa chake.

Orodha ya saa zilizopotea kwa kalasi yetu nimeibandika karibu na kengele: hesabu nne, Kifaransa tatu, pedagojia mbili, biolojia moja, historia moja. Ni saa kumi na moja. Mwalimu wa hesabu alianza kulipa zake Jumamosi iliyopita, saa mbili asubuhi, bila kuulizwa na mtu. Katika watu thelathini na wanane tulifika tisa. Jumamosi hii anaendelea na saa mbili zilizobaki, na amesema tulete rula.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, pedagojia